Hiace Ikigeuka Nyumba: Kabati Lingoje

Mwenye Hiace anayetaka kuigeuza chumba cha safari mara nyingi humkimbilia seremala kwanza. Huagiza kabati, meza ya kukunja na kitanda chenye droo, na fedha humwishia kabla umeme haujaguswa. Nashauri aanze na umeme, hewa na uzito. Kabati linaweza kungoja.

Wazo hili si geni. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilianza kutengeneza samani za kuingiza na kutoa katika basi dogo la Volkswagen: siku za kazi gari libebe mizigo, siku za mapumziko watu walale humo. Hiace inatufaa sisi kwa sababu vipuri vyake havisumbui kupatikana, na mafundi wanaoijua wapo tele, Mombasa hadi Mbeya.

Hesabu ya umeme ndiyo inayowaponza wengi. Friji dogo la volti 12 kwenye joto la pwani linaweza kula wati-saa 500 kwa siku. Feni ya wati 20 ikizunguka saa nane, hizo ni 160. Ongeza taa na simu, unakaribia 750. Betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 inabeba takriban wati-saa 1,200, na karibu zote unaweza kuzitumia. Ya asidi yenye ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo hesabu 600 tu. Paneli ya sola ya wati 200 hurudisha sehemu kubwa ya matumizi hayo jua likiwa zuri, lakini ukiegesha chini ya mwembe, kivuli unachokipata wewe nayo inakipata. Ndiyo maana naipenda paneli ya kubebeka yenye waya mrefu kuliko ya kufungwa juu ya paa. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukichunika na kugusa bodi, gari linaweza kuungua.

Jiko la mkaa lisiingie ndani hata mvua ikinyesha vipi. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu usingizini. Gesi ya mtungi ikivuja hutuama chini, hivyo toboa tundu sakafuni karibu na mtungi. Madirisha yatiwe wavu wa mbu yapate kubaki wazi usiku kucha.

Madumu matatu ya maji ya lita 20 ni kilo 60. Ukiyarundika nyuma kabisa pamoja na betri, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito na usukani unakuwa mwepesi kwa hatari. Ukiondoa viti vya abiria, iarifu bima na mamlaka ya usajili.

Kabla hujamlipa fundi yeyote, tandika godoro humo, nenda Bagamoyo au Naivasha, ulale usiku mmoja. Joto, mbu na kiu vitakuonyesha cha kununua kwanza.