Mama anachoka kila siku? Kabla ya kumwita mvivu, apimwe damu

Mama anayeuza vitumbua huwasha jiko saa 10 alfajiri. Ikifika saa 12 watoto wa shule wameshaoga, wamekunywa chai na wametoka. Kutwa nzima ni biashara, maji, nguo, sufuria na mtoto mgongoni. Saa 2 usiku anakaa kwenye mkeka apumzike dakika tano tu, usingizi unamchukua hapo hapo na ugali haujasongwa.

Mama wa namna hii yupo karibu kila mtaa, na kila mtu nyumbani ana maelezo yake. Mume anaona siku hizi mkewe amekuwa mvivu. Wifi anasema amejiachia tangu ajifungue. Mama mwenyewe anasema ni majukumu, yataisha watoto wakikua.

Inawezekana wote wamekosea, na tatizo liko kwenye damu.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 ilikuwa asilimia 58. Maana yake ni kwamba kwenye nyumba nyingi mama na mtoto wake wanapungukiwa damu kwa pamoja, wanakula chungu kimoja, na hakuna anayejua.

Kinachotokea mwilini

Ndani ya damu kuna chembe nyekundu ambazo kazi yake ni kubeba hewa ya oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuifikisha kila kiungo. Zifananishe na wapagazi wa sokoni: wakipungua, mzigo hauishi, bali waliobaki wanakimbia zaidi. Ndiyo maana mama mwenye damu pungufu akipanda ngazi chache au kubeba ndoo moja, moyo unamwenda mbio kana kwamba ametoka kushindana mbio.

Chembe hizo huishi takriban siku 120, kisha mwili hutengeneza nyingine. Ili uzitengeneze unahitaji madini ya chuma, foliki asidi na vitamini B12. Chuma kikikosekana, mwili hutumia akiba kwanza. Akiba ikiisha ndipo dalili zinaanza, na huja polepole kiasi kwamba mama anazizoea.

Dalili zenyewe ni uchovu usioisha hata baada ya kulala, kizunguzungu anapoinuka, kichwa kuuma, kuishiwa pumzi kwa kazi ndogo, mikono na miguu kuwa baridi, na weupe ndani ya kope la chini, kwenye ulimi na viganja. Wengine wanashindwa kukumbuka vitu vidogo. Wengine wanakuwa wepesi wa hasira, mtoto akimwaga maji kidogo anachapwa, kisha mama anajifungia chumbani analia kwa majuto.

Ipo dalili nyingine ambayo watu huichukulia kama mzaha: hamu ya kula udongo, mchele mbichi au barafu. Akina mama wengi wajawazito hununua udongo wa pemba sokoni na kuutafuna kutwa. Hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma cha kwenye chakula kisifyonzwe. Ukiwa mchafu, unaweza pia kubeba mayai ya minyoo.

'Presha ya kushuka' na soda

Kizunguzungu kikimpata mama, majirani huwa na jibu moja: presha imeshuka. Anapewa soda au maji yenye chumvi, anapata nafuu ya muda, maisha yanaendelea.

Presha ni msukumo wa damu kwenye mishipa. Upungufu wa damu ni uchache wa kile kinachobeba oksijeni ndani ya damu hiyo. Ni vitu viwili tofauti na vipimo vyake ni tofauti. Mama anaweza kupimwa presha ikawa nzuri kabisa, huku wingi wa damu yake ni 8.

Hali ni hiyo hiyo kwa juisi ya rozela, ambayo mitaani inasifiwa kwa kuongeza damu. Rozela ina vitamini C, na vitamini hiyo husaidia mwili kufyonza chuma cha kwenye mboga na maharage. Ikinywewa pamoja na mlo ni msaada mzuri, ila peke yake haiwezi kuziba pengo la mama ambaye akiba yake ya chuma imekwisha. Soda haina msaada wowote katika hili.

Damu inakwenda wapi?

Sababu ya kwanza kwa wanawake ni hedhi. Mama anayebadilisha pedi kila saa moja au mbili, anayetoka mabonge makubwa ya damu, au ambaye siku zake zinapita saba, anapoteza damu nyingi kuliko kawaida. Wengi hunyamaza kwa sababu mama zao na dada zao nao walikuwa hivyo, wakadhani ndivyo wanawake wa ukoo wao walivyo. Hedhi nzito inaweza kuletwa na uvimbe kwenye kizazi, mabadiliko ya homoni, au njia ya uzazi wa mpango. Kitanzi cha shaba, kwa mfano, huweza kuongeza damu kwa baadhi ya wanawake, wakati baadhi ya njia za homoni huipunguza. Aliyewekewa kitanzi na akaona damu imezidi arudi kliniki kuzungumza na mtoa huduma. Asikitoe kienyeji wala asikae kimya.

Sababu ya pili ni mimba na uzazi. Mtoto aliye tumboni huchukua chuma cha mama. Wakati wa kujifungua damu hutoka, na ikizidi mililita 500 huhesabiwa kuwa ni nyingi kupita kiasi. Mama akishika mimba nyingine mapema, anaanza safari na akiba tupu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Zipo pia sababu za mazingira: malaria, ambayo huvunja chembe nyekundu, na minyoo ya safura, ambayo hung'ata utumbo na kunyonya damu kidogo kidogo. Safura huingia kupitia ngozi ya mtu anayetembea peku kwenye udongo wenye kinyesi. Wengine wana ugonjwa wa kurithi kama selimundu.

Halafu kuna sababu isiyotajwa kwenye cheti cha maabara: mgao wa chakula. Katika nyumba nyingi nyama ikipikwa, vipande vikubwa ni vya baba, vinavyofuata ni vya watoto, na mama anapata mchuzi. Hakuna aliyemlazimisha, alimwona mama yake akifanya hivyo. Lakini mwanamke anayepata hedhi anahitaji chuma kingi kuliko mwanaume, na akiwa mjamzito anahitaji zaidi. Anayekihitaji zaidi ndiye anayelamba mwiko.

Gharama yake nyumbani

Upungufu wa damu haumuumizi mama peke yake. Mama anayechelewa kuamka anapoteza wateja wa asubuhi. Hamu ya tendo la ndoa inapungua, mume anahisi hapendwi, na ugomvi unazaliwa juu ya jambo ambalo lingejulikana kwa tone moja la damu ya kidoleni.

Kwa mjamzito hatari ni kubwa zaidi. Damu pungufu huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati na kupata mtoto mwenye uzito mdogo. Akitokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mwili wake hauna cha kumkinga, na anaweza kupoteza maisha kwa kiwango cha damu ambacho mwenzake mwenye afya angekihimili.

Mtoto naye huzaliwa na akiba ndogo ya chuma. Maziwa ya mama ni chakula kamili kwa miezi 6 ya mwanzo, lakini yana chuma kidogo, hivyo baada ya hapo mtoto anahitaji chakula cha nyongeza chenye chuma. Uji mweupe mtupu hautoshi.

Kipimo ni cha dakika chache

Kipimo cha wingi wa damu, kinachojulikana zaidi kama HB, hufanyika hospitali, vituo vya afya na zahanati nyingi. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya 12 ni upungufu, na chini ya 8 ni upungufu mkali. Kwa mjamzito, kwa kawaida huhesabiwa upungufu ikiwa chini ya 11, na mkali ikiwa chini ya 7.

Namba peke yake haitoshi. Mama amuulize mtoa huduma nini kimeipunguza damu yake. Kama ni hedhi, vidonge vitajaza ndoo inayovuja mpaka hedhi itakapotibiwa. Kama damu ni ya kutosha na uchovu bado upo, vipo vingine vya kuangalia: kisukari, tezi ya shingo, kifua kikuu, maambukizi ya VVU, mimba, au sonona, hasa baada ya kujifungua.

Vidonge bila kuvikimbia

Wajawazito hupewa kliniki vidonge vya chuma na foliki asidi, maarufu kama FEFO. Wengi huvipeleka nyumbani na kuviacha kabatini, kwa sababu vinawapa kichefuchefu, vinafanya choo kuwa kigumu na cheusi, au wameambiwa vinafanya mtoto awe mkubwa washindwe kumsukuma.

Choo cheusi ni kawaida kwa anayetumia chuma. Kichefuchefu hupungua kidonge kikinywewa usiku kabla ya kulala au pamoja na chakula kidogo. Choo kigumu kinasaidiwa na maji ya kutosha, mapapai na mboga za majani. Kidonge kimezwe kwa maji au juisi ya chungwa, siyo kwa chai wala maziwa. Kikimshinda kabisa, arudi abadilishiwe.

Nafuu huanza kuonekana ndani ya wiki chache, na hapo ndipo wengi huacha. Kwa kawaida dawa huendelea kwa takriban miezi 3 baada ya damu kurudi sawa, ili akiba nayo ijae. Na viwekwe mahali mtoto hafiki: vidonge hivi vina rangi ya kuvutia kama pipi, na vikimezwa vingi na mtoto mdogo vinaweza kumuua.

Chungu cha kila siku

Si lazima iwe nyama kila siku. Chuma cha nyama, maini, samaki na dagaa hufyonzwa kirahisi zaidi, na dagaa wachache kwenye mboga husaidia pia chuma cha mboga hiyo kiingie mwilini. Maharage, choroko, kunde, mchicha, matembele na kisamvu vina chuma, ila mwili huhitaji msaada kukipata. Msaada huo ni limao lililokamuliwa juu ya mboga, nyanya na pilipili hoho, au chungwa, embe au pera baada ya kula. Mjamzito asizidishe maini, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno.

Chai ni adui wa kimya. Chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na mlo huzuia sehemu kubwa ya chuma. Isogezwe walau saa moja kabla au baada ya kula. Wakati wa kununua unga, chagua ulioongezwa virutubishi. Maelezo hayo huandikwa kwenye mfuko.

Watoto wapelekwe kupata dawa za minyoo na matone ya vitamini A zinapotolewa, mara nyingi Juni na Desemba. Wote walale kwenye chandarua na wavae viatu wanapokwenda chooni na shambani.

Baba naye ana kazi mbili ambazo hazina gharama. Ya kwanza ni kusema mezani, "Mama Fulani, leo kipande hiki ni chako," watoto wakisikia. Ya pili ni kubaki na watoto asubuhi moja ili mama aende kupima, kwa sababu wengi hawajapima kwa kukosa saa mbili tu za kutoka.

Usisubiri kesho

Mama apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo akiishiwa pumzi hata akiwa amekaa, akizimia, akisikia maumivu ya kifua, akijaza pedi moja kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, au akitokwa na damu yoyote akiwa mjamzito. Aliyejifungua na anayeendelea kutoka damu nyingi asipewe uji kwanza wala asisubiri kupambazuke. Itafutwe bajaji, bodaboda au gari la jirani, na ndugu mmoja au wawili waongozane naye, kwa sababu huenda hospitali ikahitaji wachangiaji damu.