Je, Wajua? Roboti Iliyoitwa Ikizere

Busale, wilayani Kyela, mkulima wa kakao akianika punje juani huamini vidole vyake kumwambia kama zimekauka. Je, mashine nayo huaminiwa vipi?

Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti 5 za kusaidia wahudumu wa afya dhidi ya UVIKO-19. Moja iliitwa Ikizere, jina la Kinyarwanda lenye maana ya tumaini na imani. Zilipima joto la mwili na kuwapelekea wagonjwa dawa, ili kupunguza hatari ya wauguzi kuambukizwa. Jina zuri kweli kwa mgeni wa chuma wodini!

Viwandani imani ilichelewa. Roboti Unimate ilianza kazi katika kiwanda cha General Motors, New Jersey, mwaka 1961, lakini kwa miongo mingi roboti za viwandani zilitengwa na watu kwa uzio. Mwaka 2008 Universal Robots ya Denmark ikauza mkono mwepesi wa roboti, unaosimama wenyewe ukimgonga mtu.

Mwongozo wa mwaka 2016 wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, kuhusu roboti zinazofanya kazi pamoja na watu unataja hata kiasi cha nguvu ya kugongwa ambacho kila sehemu ya mwili inaweza kustahimili. Kiganja kimekadiriwa kuhimili zaidi ya uso.