Kwa nini pengo la plagi huamua safari ya bodaboda kati ya Kasese na Bwera

Barabara itokayo mjini Kasese kuelekea Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Pikipiki ikizimika humo jioni, dereva na abiria wake hujikuta katika njia ya tembo. Miongoni mwa vyanzo vya hitilafu hiyo ni kitu kidogo mno: pengo la plagi, linalokaribia unene wa kadi ya benki.

Betri ya pikipiki hutoa volti 12 tu, nazo haziwezi kurusha cheche hewani. Kazi hiyo hufanywa na koili, ambayo ina nyaya mbili: mmoja mnene wenye mizunguko michache, na mwingine mwembamba wenye maelfu ya mizunguko. Mkondo wa umeme unapobadilika ghafla katika waya mnene, volti katika ule mwembamba hupanda na kuvuka 10,000.

Hata hivyo, volti hizo hupanda hadi pale tu cheche inaporuka. Kwa hiyo pengo ndilo linaloamua mzigo wa koili. Likiwa pana kupita kiasi, volti huzidi kupanda, umeme hutafuta njia nyingine, na hatimaye koili huweza kuungua. Likiwa finyu, cheche huruka kwa urahisi lakini huwa ndogo, petroli haiwaki vizuri, na plagi huota masizi meusi.

Baadhi ya mafundi huchomoa plagi, huigusisha kwenye chuma cha injini na kutazama cheche. Jaribio hilo halitoshi. Ndani ya silinda hewa imeshindiliwa, nayo huzuia umeme kuliko hewa ya nje. Plagi inayong'aa mkononi mwa fundi yaweza kushindwa mlimani.

Basi pengo lipi lichaguliwe? Pikipiki nyingi ndogo huhitaji kati ya milimita 0.6 na 0.9, kipimo kamili kimo katika kitabu cha mtengenezaji. Lipimwe kwa fila geji, si kwa jicho, na kinachopindwa ni kile chuma cha pembeni pekee, kwani kuugusa ule wa katikati huweza kupasua kauri. Tena lipimwe mara kwa mara: kila cheche hula chuma kidogo, na pengo hupanuka bila dereva kujua.