Sura Ndogo Juu ya Kauri: Uchoraji Unaokamilishwa na Moto

Anayechora sura za watu juu ya vipande vidogo vya kauri hufanya kazi kwa rangi asizoziona, kwa kuwa ile anayoipaka kwa brashi siyo itakayobaki baada ya kuchomwa. Kauri yenyewe hutengenezwa kwa kaolini, ambayo ni udongo mweupe laini, pamoja na madini ya feldispa na kwatzi, nayo huchomwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,400 za Selsiasi hadi iwe ngumu na nyeupe. Wachina walikuwa wameijua siri hiyo kwa karne nyingi kabla ya Wajerumani kuigundua kwa njia yao na kufungua kiwanda cha Meissen mwaka 1710.

Rangi nyingi zinazotumika ni oksidi, yaani metali zilizoungana na oksijeni, ambazo husagwa pamoja na unga wa kioo ili kioo hicho kikiyeyuka kizigandishe juu ya kauri. Unga huo hukorogwa kwa mafuta ya tapentaini yaliyoachwa yawe mazito, na wachoraji wengi huongeza mafuta ya karafuu, zao lilelile la Unguja na Pemba, kwa sababu hukawia kukauka na kumpa mchoraji muda wa kulainisha kivuli cha shavu. Kobalti hutoa buluu, chuma hutoa wekundu wa ngozi, na dhahabu iliyoyeyushwa katika asidi na kuunganishwa na bati hutoa waridi.

Waridi hilo la dhahabu ndilo gumu kuliko yote, kwani joto likipungua hubaki la kahawia chafu, na likizidi huelekea urujuani. Mafundi waliugeuza udhaifu huo kuwa kipimo: walitia tanurini vipande vidogo vilivyopakwa waridi, wakavitoa kimoja kimoja, na kutokana na rangi yake wakajua moto umefikia wapi. Picha moja huchomwa mara kadhaa, kwa joto la takriban nyuzi 700 hadi 850, na kila mara mchoraji huongeza tabaka jingine, maana wekundu wa chuma ukipakwa mwembamba hufifia motoni. Mng'ao wa jicho mara nyingi haupakwi kabisa, bali hupatikana kwa kukwangua rangi kwa ncha ya sindano hadi weupe wa kauri uonekane. Ufa mmoja katika mchomo wa mwisho huiangamiza kazi yote.

Waliokubali hatari hiyo waliongozwa na imani kwamba picha ya kauri haichakai. Alexandre Brongniart, mwanasayansi aliyekiongoza kiwanda cha Sèvres nchini Ufaransa kuanzia mwaka 1800 hadi 1847, aliona jinsi michoro ya mafuta ilivyoharibika, akaagiza kazi za mabingwa wa kale zinakiliwe juu ya mabamba ya kauri ili vizazi vijavyo vizione katika rangi zake kamili. Mchoraji wake mashuhuri alikuwa Marie-Victoire Jaquotot, aliyenakili kazi za mchoraji Raphael na kuchora sura ndogo kwa ajili ya kisanduku cha ugoro cha mfalme Louis XVIII, kilichotengenezwa ili picha zake ziweze kubadilishwa. Kutoka kiwanda hichohicho ilitoka meza ambayo juu yake mchoraji Jean-Baptiste Isabey alimchora Napoleon akizungukwa na makamanda wake, kazi iliyokamilika mwaka 1810.

Katika miaka ya 1850, Lafon de Camarsac wa Paris alibuni njia ya kuchoma picha za kamera juu ya kauri, na sura zisizofutika, ambazo hapo awali zilikuwa za wafalme na matajiri, zikaanza kupatikana kwa watu wa kawaida na hata kupachikwa kwenye mawe ya makaburi. Upanuzi huo ulikuwa wa haki. Hata hivyo, kamera ilitoa kauri isiyochakaa bila kutoa ngozi iliyojengwa tabaka kwa tabaka, na kwa sababu hiyo kazi za Jaquotot zinastahili kutazamwa kwa karibu, shavu na jicho, na wale wanaozifahamu picha za kamera peke yake.