Kabla ya kuinua gari kwa jeki

Katika magari mengi madogo, tairi za mbele huisha mapema kuliko za nyuma. Ndiyo maana hubadilishwa nafasi kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000.

Kazi hii unaweza kuifanya nyumbani. Lakini mji wa Meru uko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwa hivyo mkazi wa Makutano hana budi kutafuta kwanza mahali tambarare, penye ardhi ngumu.

Usitegemee breki ya mkono pekee. Kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiinua moja, nguvu yake hupungua. Tia gia, kisha weka mawe mbele na nyuma ya gurudumu la pembe ya pili.

Legeza nati gari likiwa bado chini. Inua gurudumu moja moja, ukitumia lile la akiba kushikilia nafasi. Jeki huinua tu, haiaminiki kushikilia: usiingie chini ya gari, na watoto wakae mbali.

Ukimaliza, kaza nati kwa kukingamana, na uzikague tena baada ya kilomita 100 hivi. Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.