Mchoro wa Zamani na Injini Mpya: Je, Vinapatana?

Wako watu wanaojiundia ndege wenyewe nyumbani, na baadhi yao hufuata michoro ya zaidi ya miaka tisini iliyopita. Je, mchoro mkongwe hivyo wafaa? Na injini ipi ifungwe?

Tuchukue mfano wa Pietenpol Air Camper, ndege ya mbao na kitambaa yenye viti viwili visivyo na paa. Aliibuni Bernard Pietenpol wa Cherry Grove, Minnesota, Marekani. Kwa kuwa injini za ndege zilikuwa ghali, mwaka 1929 alifunga injini ya gari la Ford Model A. Michoro yake ilichapishwa mwaka 1932, na hadi leo watu huifuata.

Injini ile ya Ford hutoa nguvu za farasi 40 hivi, na uzito wake unazidi kilo 100. Hupozwa kwa maji, na rejeta yake humzibia rubani asione mbele vizuri. Lakini huzunguka polepole, hivyo huweza kuendesha rafadha kubwa. Baadaye wajenzi wengi walichagua Continental A-65, injini iliyoundwa kwa ajili ya ndege. Hii ina nguvu za farasi 65, uzito wa kilo 77 hivi, na hupozwa kwa hewa. Kila silinda ina plagi mbili zenye mifumo miwili ya umeme. Mmoja ukifa, wa pili huendelea.

Mtu atasema: basi, tung'oe Ford tufunge Continental. La, tusiharakishe! Tutazame mtumbwi. Abiria wote wakihamia tezi, omo huinuka. Ndege nayo ni hivyo hivyo: pua ikipungua uzito, mkia huzidi. Pua ikiinuka mno, mwendo hupungua, bawa huacha kubeba, na ndege huanguka, huku rubani akishindwa kuishusha pua apate mwendo tena. Kwa hiyo mwenye kufunga injini nyepesi huisogeza mbele zaidi, au hulirudisha bawa nyuma sentimita kadhaa, kisha huipima ndege kwenye mizani kabla ya kuirusha.

Ukongwe wa mchoro peke yake si aibu. Mchoro uliojaribiwa na wengi, kasoro zake zinajulikana. Ila si kila cha zamani kifuatwe. Gundi za mbao za zama zile, zilizotokana na maziwa, ziliharibiwa na unyevunyevu; leo wajenzi hutumia epoksi. Wala nguvu nyingi si heri daima, kwani fremu ya mbao ilipigiwa hesabu kwa uzito na mwendo wake.

Katika Air Camper abiria hukaa kiti cha mbele, rubani nyuma yake. Abiria yule hakupima chochote. Ameikabidhi roho yake kwa aliyepima. Basi wanafunzi wenzetu, hesabu tunazofundishwa darasani tusizidharau.