Kishikwambi bila mwalimu hakifunzi mtoto

Mtu akisikia jina Dallas, aghalabu fikira zake huruka hadi Texas, kule Marekani. Dallas ninayoikusudia leo iko papa hapa Kenya. Ni mtaa wa mji wa Embu, ambako watoto wa wachuuzi, vibarua na waendeshaji bodaboda hulelewa pamoja. Nyumbani wengine huzungumza Kiembu, wengine Kimbeere, Kikamba, Kimeru au Kikuyu. Wakitoka nje kucheza, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha.

Muhula uliopita, mwalimu mmoja aliyepata kuwa mwanafunzi wangu chuoni alinialika nikaketi nyuma ya darasa lake la gredi ya tatu, katika shule isomwayo na watoto wengi wa mtaa huo. Nilikwenda kwa hamu, kwa kuwa nilitaka kujionea jinsi vishikwambi vya serikali vinavyotumika kufunzia kusoma. Nilivikuta. Vilikuwa ndani ya kabati la chuma katika ofisi ya mwalimu mkuu, vimepangwa vizuri, vimefungiwa kwa kufuli mbili. Vingi havikuwashika moto tena wa umeme, kwani betri zilikuwa zimekufa kwa kukaa bure. Mwalimu mkuu hakunificha jambo. Aliniambia kwamba kimoja kikiibiwa au kikivunjika, atakayeulizwa ni yeye. Kikikaa kabatini, hakuna amuulizaye.

Darasani, somo lilikuwa limekwisha kuanza. Mwalimu aliandika maneno mawili ubaoni: kalamu na karamu. Mvulana mmoja akasimama kusoma sentensi kitabuni, akasema kwamba mwalimu alimpa karamu nyekundu. Wenzake hawakucheka, maana wengi wao wangesoma vivyo hivyo. Mwalimu alitoa simu yake mfukoni, akamrekodi mtoto yule akisoma tena, kisha akamwekea simu sikioni asikilize. Halafu akajirekodi yeye mwenyewe akisoma sentensi ile ile, akamsikilizisha. Mtoto alikunja uso, akaomba kurudia. Mara ya tatu alisema kalamu, na darasa zima likapiga makofi.

Naomba nieleze kwa nini tukio hilo dogo lilinigusa. Kiembu hakina sauti l kama ilivyo katika Kiswahili, kina r. Mtoto aliyekulia katika lugha hiyo hana kasoro ya ulimi, wala si mzembe. Sikio lake limezoea kuzipokea sauti hizo mbili kama moja. Mwalimu anaweza kumsahihisha kutwa nzima, naye mtoto akarudia kosa lile lile huku akiamini kwa dhati kwamba ametamka sawasawa na mwalimu wake. Sauti ikishatoka kinywani hupotea kama upepo. Simu iliikamata, ikampa mtoto nafasi ya kujisikia kama mtu mwingine anavyomsikia. Kazi hiyo chaki haiiwezi.

Itakumbukwa kwamba mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliingia madarakani na ahadi ya kumpa kila mtoto wa darasa la kwanza kompyuta ya mkononi. Baada ya vuta nikuvute za zabuni, mwaka 2016 ulianza Mpango wa Ujuzi wa Kidijitali. Vifaa zaidi ya milioni moja vilisambazwa katika shule za msingi za umma: vishikwambi vya wanafunzi, kompyuta za walimu, projekta na vifaa vya kuhifadhia masomo. Nami nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Sisi wanaisimu tulitumia muda mrefu kubishana iwapo mashine zile ziitwe ngamizi, tarakilishi au kompyuta, na kile kidogo kiwe kishikwambi au tableti. Jina tulilipata. Swali la kitafanya kazi gani saa tatu asubuhi, mbele ya mtoto asiyejua kusoma, hatukuliuliza kwa bidii iyo hiyo.

Wako waliouliza. Utafiti uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia tatu za kutumia vifaa hivi katika mradi wa kufunza kusoma: kuwapa vishikwambi maafisa wanaowazuru na kuwashauri walimu, kuwapa walimu wenyewe, au kuwapa wanafunzi vifaa vya kusomea vitabu. Kuwapa walimu au wanafunzi vifaa hakukuzaa matokeo bora kwa kiasi cha maana kuliko kumpa afisa mshauri kishikwambi, ilhali njia hiyo ya afisa ndiyo iliyokuwa nafuu. Mradi wa Tusome, ulioenea nchini kuanzia mwaka 2015, ulifuata njia hiyo. Kule Peru, kompyuta zaidi ya milioni moja ziligawiwa bila kufungamanishwa na ufundishaji, na UNESCO ikaripoti mwaka 2023 kwamba masomo hayakuimarika.

Labda msomaji atasema kwamba napinga maendeleo. La hasha! Mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa shule ya msingi, tulisikiliza vipindi vya redio vya shule tukiwa tumeizunguka redio moja ya betri. Kilichofanya vipindi vile vitufae ni kwamba mwalimu alikuwa amejiandaa. Alituuliza maswali kabla ya kipindi, na baadaye akatudai majibu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalirushwa redioni, runingani na mtandaoni. Lakini mtoto asiye na mtu wa kumuuliza umeelewa nini alibaki akisikiliza sauti tu.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yanahitajika. Kwanza, mwalimu apewe mafunzo yanayoanzia kwenye somo lake: tatizo ni lipi, na kifaa kipi kitalitatua. Kumfunza kuwasha na kuzima hakutoshi. Pili, mwalimu mkuu aondolewe hofu. Kifaa kilichochakaa kwa kutumiwa kihesabiwe kuwa kimefanya kazi yake, na asiadhibiwe kwa hilo. Tatu, yaliyomo yazingatie lugha ya mtoto. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera yetu imesisitiza kufunza madarasa matatu ya kwanza kwa lugha ya eneo la shule. Mjini, kama pale Dallas, Kiswahili ndicho hufaa. Programu iliyoandaliwa Nairobi pasipo kujua kwamba mtoto wa Embu hukwama kwenye l haitamsaidia, hata kama picha zake zinang'aa.

Mwalimu yule alinisindikiza hadi langoni. "Mwalimu," aliniambia, "simu hii ni yangu, na chaji ni yangu. Ningepewa kimoja tu kutoka kabatini, watoto wangejirekodi wawili wawili." Sikuwa na la kumjibu. Ombi langu kwa Wizara ya Elimu ni hili: maafisa wake wafikapo shuleni, wasianze kwa kuhesabu vishikwambi. Wamuulize mwalimu ni somo gani la jana lililofanikiwa kwa sababu ya kishikwambi. Pasipokuwa na jibu, waombe ufunguo wa kabati.